Mimba ya Mwanafunzi Muuguzi: Sura Isiyoandikwa

Yapo maswali ambayo mwalimu wa fasihi huyajibu upesi kwa kuwa ameyajibu mara nyingi, na yapo mengine yanayomfanya avue miwani kwanza. Mwaka juzi nilijiwa nyumbani na binti mmoja niliyemfundisha Kiswahili katika sekondari. Wakati huo alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha uuguzi hapa kwetu Uganda, na alikuwa mja mzito wa miezi mitano. Mshipi wa sare, aliniambia, ndio uliomfichua: ulipokataa kufika tundu la mwisho, metroni alimwita ofisini, na kesho yake akakabidhiwa barua ya kwenda nyumbani ambayo haikutaja siku ya kurudi. Hakuja kwangu kuomba fedha, wala hakutaka nimwendee mkuu wa chuo. Alikuja kuazima kitabu. "Mwalimu," akasema, "wewe ulitusomesha *Rosa Mistika*. Je, huna kitabu ambacho msichana hafi?"

Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Riwaya ya *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Walimu wengi wanaijua historia yake: ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kisha ikaja kukubaliwa na kuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa katika masomo ya fasihi nchini Tanzania. Rosa, binti wa Zakaria mlevi, analelewa kisiwani Ukerewe kwa kipigo na hofu. Barua moja tu ya mvulana inamletea adhabu isiyosahaulika. Anapofika mbali na macho ya baba hajui afanye nini na uhuru wake, na wanaume wenye vyeo wanajua vizuri sana wafanye nini na ujinga wake. Mwisho anajiua.

Uhodari wa mwandishi hauna ubishi. Kezilahabi alithubutu kuyasema mambo ambayo waandishi wa kabla yake waliyapitia pembeni, na lawama yake haikumwangukia msichana peke yake. Hata baada ya kaburi anaendelea na kesi, hadi baba na binti wanasimama mbele ya Mungu, na malezi ya Zakaria yanapimwa kwenye mizani ileile anayopimiwa Rosa. Msomaji anayefunga kitabu hiki akisema "msichana alijiponza" hakukisoma vizuri.

Lakini sisi walimu ndivyo tulivyokisomesha. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikitumia kama fimbo. Niliwauliza wanafunzi, "Rosa alikosea wapi?", nikaandika majibu ubaoni, nikayapigia mstari. Sikuuliza mkuu wa chuo alikosea wapi. Tena kuna jambo ambalo sikuliona mpaka binti yule aliponifungua macho: katika riwaya nzima mimba za Rosa hazifiki kuwa mtoto. Zinatolewa. Mimba humo ni alama tu, kama doa katika nguo nyeupe. Haina miezi tisa, haina uchungu, haina kilio cha usiku wa manane. Mwandishi ana haki ya kuchagua alama zake. Ila msomaji mwenye mtoto tumboni akizitafuta habari zake humo hatazipata.

Nilipomkosea jibu katika Kiswahili, fikira zangu zilimwendea mwandishi mmoja ambaye, kuliko wote, alistahili kuliandika jambo hili. Huyo ni Grace Ogot wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015. Wengi wanamkumbuka kwa riwaya ya *The Promised Land* ya mwaka 1966, na ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwa mwandishi alikuwa muuguzi na mkunga. Alisomea uuguzi hapa Mengo kuanzia mwaka 1949 hadi 1953, akaenda kusomea ukunga London, kisha akafundisha katika hospitali ya Maseno. Mikono yake ilipokea watoto wa watu kabla haijashika kalamu.

Katika mkusanyiko wake wa hadithi fupi, *Land Without Thunder* (1968), ipo hadithi iitwayo "The Old White Witch". Wauguzi Waafrika katika hospitali ya misheni wanagoma kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa. Kwa metroni Mzungu, hilo ni utovu wa nidhamu, maana kazi ni kazi. Kwa wasichana, kazi hiyo inagusa heshima yao kwao walikotoka na ndoa zao za kesho. Mhakiki mvivu ataiita hadithi ya mgongano wa mila na usasa, aendelee na safari yake. Mimi naona ndani yake jambo lililo karibu zaidi na binti yule wa mshipi. Shule za uuguzi zilizoletwa kwetu zilifuata mfano wa shule aliyoianzisha Florence Nightingale mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas', London: wasichana wakae bweni moja, chini ya mama mlezi mkali, mwenendo wao ukiangaliwa sawasawa na masomo yao. Mfano huo ulimtaka muuguzi awe kama mtawa, asiye na mume wala mtoto, mwili wake ukiwa mali ya wodi.

Kwa jadi zetu mambo yalikuwa kinyume. Mkunga alikuwa kwa kawaida mtu mzima aliyekwisha kuzaa. Nani angemwita kigori aje kumzalisha mke wake? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nasi tuliuchukulia msemo huo kama masharti ya kazi. Shule ya hospitali ikaja ikasema asiyezaa ndiye atakayefundishwa kuzalisha, na akizaa kabla ya cheti ataondoka. Sisemi jadi ilikuwa na sayansi kuliko hospitali; idadi ya akina mama waliokufa mikononi mwa wakunga wasio na maji safi inatosha kuninyamazisha. Nasema tu kwamba sharti la usichana halikutoka katika sayansi ya uzazi. Lilitoka kwingine, likavaa koti jeupe.

Ogot aliujua ulimwengu huo kutoka ndani, lakini alipomwandika msichana mwenye mimba alifanya nini? Katika mkusanyiko huohuo ipo hadithi ya "Elizabeth", karani anayeingiliwa kwa nguvu na mwajiri wake. Anapogundua kuwa ana mimba anakwenda kujinyonga kwa mwajiri huyo. Tuwe waadilifu: mahali pa kifo hicho ni mashtaka. Elizabeth hafi kwa aibu gizani; anaiweka maiti yake mlangoni mwa mkosaji, mbele ya mkewe, ili asiwe na pa kuificha. Kwa fani, ni mwisho wenye nguvu kuliko wa Rosa. Hata hivyo nilishindwa kumpa binti yule hadithi hiyo. Mkunga aliyewahi kuwapokea watoto wangapi sijui, alipoandika, mtoto wake alibaki tumboni.

Kitabu nilichompa ni *Shetani Msalabani* cha Ngũgĩ wa Thiong'o, kilichotoka kwa Kigikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili mwaka 1982. Wariinga ni mwanafunzi hodari wa hesabu anayetiwa mimba na tajiri mzee na kuachwa. Anajaribu kujiua, anaokolewa, anazaa binti, Wambui. Kisha, jambo adimu katika fasihi yetu, anarudi kusoma: kwanza ukarani, na baadaye uhandisi wa mitambo, huku akiwashangaza wanaume karakanani. Niliona nimepata jibu. Msichana hafi, anashika spana.

Baada ya wiki tatu kitabu kikarudi. Pale ambapo mtoto anaachwa kwa babu na bibi na hadithi kusonga mbele, aliandika kwa penseli pembeni: "Nani alimnyonyesha?"

Nimeisoma riwaya hiyo mara nyingi, nimeiandikia maelezo ya walimu, sikuwahi kuuliza swali hilo. Ngũgĩ anataka kutuonyesha mwanamke anayejikomboa pamoja na tabaka lake, na kwa dhamira hiyo miaka ya maziwa na nepi si ya lazima. Anairuka kama mtu anavyoruka mfereji. Mtoto anakuwepo pale anapohitajika kama ushahidi wa dhuluma, na anaondoka pale mama anapohitajika karakanani. Goretti Kyomuhendo wa hapa Uganda, katika *The First Daughter* (1996), naye ana msichana anayezaa na kurudi masomoni, na anasogea karibu zaidi na tabu zenyewe. Lakini hicho kimeandikwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wangu wa Kiswahili hawakipati katika mtaala wao. Laiti mmoja wetu angekitafsiri.

Basi sura isiyoandikwa ingekuwa na nini? Nitasema nilivyosikia kwa binti mwenyewe, kwani alijifungua salama, na baada ya barua nyingi chuo kikampokea tena. Asubuhi hupelekwa kliniki ya akina mama. Husimama mbele ya wanawake arobaini akawafundisha, kama Shirika la Afya Duniani linavyoagiza, kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji. Anaposema hayo matiti yake yanamwuma na blauzi yake inalowa chini ya sare, kwa sababu mtoto wake wa miezi mitatu yuko kijijini kwa bibi yake, anakunywa maziwa ya ng'ombe. Zamu ya usiku anapokea watoto wa wengine. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mwanamke siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa malipo kamili. Wauguzi anaofanya nao zamu wanazipata. Yeye anasukuma machela ileile, lakini jina lake limeandikwa katika daftari la wanafunzi.

Kezilahabi angehitaji kisa gani zaidi? Kinaya kimekwisha kujiandika. Mganga hajigangi, walisema wahenga. Huyu anafundisha kunyonyesha asikokuruhusiwa kunyonyesha.

Nadhani sababu mojawapo ya kutoandikwa kwake imo katika lugha yenyewe, na hapa nawaomba walimu wenzangu wanisikilize kama wanasarufi. Tazameni vitenzi. Mke wa mtu "huchukua mimba", "hushika mimba", "hubeba mimba": yote kauli ya kutenda. Mwanafunzi "hupewa", "hutiwa", au, mbaya zaidi, "hupachikwa" mimba, kitenzi tunachokitumia kwa mpini na jembe. Tunaifundisha kauli ya kutendwa kila muhula, na tunawaambia wanafunzi kwamba mtenda anaweza kuachwa bila sentensi kuharibika. Ndivyo ilivyo. "Msichana alipachikwa mimba akafukuzwa" ni sentensi safi kabisa, na ndani yake hamna mwanamume hata mmoja, wala aliyefukuza hayumo. Neno zuri tulilo nalo ni "kujifungua", lenye kile kiambishi -ji- kinachompa mama kazi yake mwenyewe. Lakini katika hadithi zetu mwanafunzi hafikishwi huko.

Na neno "mwanafunzi" nalo. Wapo wanaosema mwana hawezi kuwa na mwana. Ni kosa la maana: "mwana" katika "mwanafunzi" ni yule aliyemo katika "mwanachama" na "mwanajeshi", wala hakuna anayedai mwanajeshi asizae. Siku ya kurudishwa chuoni binti yule aliambiwa aje na mzazi. Alikuja na mama yake, akiwa na mtoto mgongoni, na karani akauliza mzazi ni yupi.

Sera za shule zimebadilika kabla ya vitabu. Kenya ilianza kuwaruhusu wasichana kurudi shuleni baada ya kujifungua kwa mwongozo wa mwaka 1994. Tanzania Bara ililiondoa katazo lake mwezi Novemba 2021. Mwandishi chipukizi anayetafuta kisa ana uwanja mpana hapa, na kisa hicho hakihitaji kamba wala sumu ili kiwe na uzito. Kinahitaji mtu anayejua zamu ya usiku ina saa ngapi.

Mimi sitakiandika, sina kipaji hicho, na ujuzi wa wodi sina. Nilichofanya ni kulifuta swali langu la zamani la mtihani juu ya makosa ya Rosa. Muhula uliopita niliwapa darasa kazi hii: "Chukulia kwamba Rosa amezaa mtoto na amerudi chuoni. Andika siku yake moja, tangu alfajiri hadi alfajiri." Wasichana waliandika kurasa nne, tano. Mvulana mmoja aliyekaa nyuma alinyosha mkono baada ya nusu saa, karatasi ikiwa nyeupe, akauliza kama mtoto mchanga hula mara ngapi kwa siku. Nilimwambia awaulize wenzake.