Gari Kuukuu, Umeme Mpya

Shirikisho la kimataifa la wenye magari ya kale, ambalo kwa kifupi huitwa FIVA, lina kipimo chake cha kulitambua gari la kale. Gari liwe limetimiza miaka 30 au zaidi. Liwe limetunzwa katika hali ya asili yake. Na lisiwe la kuendea shughuli za kila siku. Nilipokisoma kipimo hicho niliyapitia moyoni magari makuukuu ninayoyafahamu kuanzia Mwadui mpaka Katoro, na sikupata hata moja linalofaulu. Umri yanao, tena umri wa kutosha. Hali ya asili ilikwisha toweka siku nyingi: Land Rover 109 ya huku kwetu aghalabu ina injini ya gari la Kijapani, viti vya basi na tangi lililochomelewa upya mara tatu. Na hizo shughuli za kila siku ndizo hasa zinazoyaweka hai. Siku yatakapoacha kwenda kazini yatakatwa na kuuzwa vyuma chakavu, wala hakuna atakayeyafunika turubai kwa mapenzi.

Naanza na jambo hili, ndugu msomaji, kwa sababu habari za kugeuza magari ya zamani kuwa ya umeme zimetufikia kutoka kwa watu ambao kwao gari kuukuu ni kumbukumbu. Mwezi Mei 2018, baada ya harusi ya mwana wa kifalme huko Windsor, Uingereza, maharusi waliondoka katika Jaguar E-type ya kizamani iliyotolewa injini na kutiwa mota ya umeme. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Huko Wales zipo karakana zinazofanya kazi hiyo kwa Volkswagen, Porsche na Land Rover za wenye fedha. Mwaka 2019 FIVA wakatamka kwamba gari likishageuzwa hivyo si la kale tena, maana limetolewa kile kilicholifanya kuwa lenyewe. Wageuzaji nao wakajibu kwamba gari lisilotembea ni sanamu. Pande zote mbili zina hoja, lakini zote mbili zinagombea kitu ambacho sisi hatukuwahi kukimiliki, yaani gari la kupumzika.

Kwa hiyo nionavyo mimi, mhakiki wa Kanda ya Ziwa anayeitazama kazi hii hawezi kuazima mizani yao. Swali la kama gari limebaki kuwa lenyewe halina uzito mbele ya gari ambalo limekwisha badilishwa injini mara nne. Swali letu ni moja tu: je, litafanya kazi ile ile, na likiharibika ni nani atakayelitengeneza?

Kazi yenyewe si ya miujiza. Injini hung'olewa pamoja na tangi na bomba la moshi. Mahali pake huwekwa mota iliyounganishwa kwa bamba la chuma na gia boksi ile ile ya zamani, na betri hupangwa chini ya boneti na chini ya viti. Kati ya betri na mota kuna inveta, chombo kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kuzungusha mota kwa kadiri mguu wa dereva unavyotaka. Wageuzaji wengi huchukua mota na betri kutoka katika Nissan Leaf zilizogongwa, gari ambalo Wajapani walianza kuliuza mwaka 2010.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hii ilifanywa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2017 vijana wahandisi kutoka Sweden walianzisha Nairobi kampuni iliyoitwa Opibus, wakaanza na Land Rover na Land Cruiser za utalii. Mwaka uliofuata Serengeti nayo ikapata Land Cruiser ya kutalii iliyogeuzwa kwa ufundi wa Kifaransa. Kazi hiyo ya Serengeti naisifu bila kinyongo, kwa kuwa aliyeifikiri aliifikiri vizuri. Gari la watalii huenda polepole, husimama mara kwa mara, halisafiri mwendo mrefu, na jioni hurudi kambini pale pale palipo na paneli za jua. Tena simba hasumbuliwi na mngurumo. Kila udhaifu wa betri umepewa mazingira usimoonekana.

Lakini yafaa tusome pia kilichofuata. Opibus ilibadili jina mwaka 2022 ikawa Roam, na sasa inajulikana zaidi kwa pikipiki na mabasi mapya ya umeme kuliko kwa magari yaliyogeuzwa. Kwangu mimi hili ni hukumu kubwa kuliko makala zote za kusifu. Kugeuza gari moja moja ni kazi ya mikono, na bei yake ni ya mteja wa kitalii. Mwenye kutafuta wateja wengi huiacha.

Sasa tulitoe gari hilo Serengeti tulilete huku. Lita moja ya dizeli imebeba nishati ya kama uniti 10 za umeme. Injini hupoteza sehemu kubwa kwa joto na moshi, ikasukuma magurudumu kwa theluthi moja au pungufu. Hata hivyo tangi la lita 70 bado linampa dereva uniti zipatazo 200 za kazi halisi. Betri ya uniti 40 ina uzito wa karibu kilo 300. Land Rover, iliyoumbwa kama sanduku na kuukabili upepo kifua mbele, itakula yapata uniti 1 kwa kila kilomita tatu au nne. Kutoka Shinyanga mjini hadi Mwanza ni kama kilomita 160. Ukipakia abiria tisa na magunia ya mpunga, utaishia Misungwi, na hapo sijahesabu betri iliyochoka.

Kuna wanaosema kwamba hesabu hii itarekebishwa na betri bora, na naamini hivyo. Betri zinazidi kuwa nyepesi na bei yake imeshuka sana tangu mwaka 2010. Kinachonisumbua ni jinsi gari la umeme linavyosifiwa kwa sifa ambazo mahali hazikuombwa. Chukua huo ukimya. Katika matangazo yote ukimya ni fadhila. Mtu aliyekulia Shinyanga, mji ambao baiskeli ya kubeba abiria ndiyo daladala yetu, anajua kwamba mwendesha baiskeli hana kioo cha nyuma, ana masikio. Gari zito lisilo na sauti nyuma ya baiskeli hamsini asubuhi ya gulio si jambo la kupigiwa makofi. Uingereza na Ulaya wamekwisha weka sheria kwamba magari ya umeme yatoe mlio yakienda polepole. Gari kuukuu lililogeuzwa gereji litatoa mlio gani, na nani atalilazimisha?

Kuhusu umeme wenyewe nitasema kwa ufupi. Mgao wa mwaka 2023 tunaukumbuka. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kuzalisha mwaka 2024, likakamilisha mitambo yake tisa ya jumla ya megawati 2,115 mwaka 2025. Hapa mkoani, wilaya ya Kishapu ndipo palipochaguliwa kwa mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50. Jua la Kishapu tulilolilaumu miaka yote kwa kukausha mtama limepata mnunuzi. Kwa hiyo anayesema gari la umeme Tanzania litakuwa la makaa ya mawe lililofichwa mkia hajatazama gridi yetu. Kasoro iliyobaki ni nyaya za vijijini, zinazozimika kila upepo unapovuma.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waandishi wa magari. Wanatazama barabara tu. Huku kwenye ukanda wa dhahabu, kubadilisha injini ya mafuta kwa mota ya umeme kulikwisha anza zamani, tena bila picha wala harusi. Nenda Nyarugusu, Rwamagasa au Mgusu ukatazame makarasha. Karasha la kusagia mawe lilikuwa likizungushwa kwa injini ya dizeli yenye mkanda. Umeme wa njia tatu ulipofika, fundi alifungua boliti nne, akaitoa injini, akaweka mota, akarudisha mkanda ule ule. Gharama ya kusaga kiroba ikapungua. Huo ndio ugeuzaji wa kitu kuukuu kuwa cha umeme, na kazi haikubadilika hata kidogo. Ajabu ni kwamba mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, kwa miaka mingi ulijizalishia umeme kwa jenereta za mafuta, wakati karasha la jirani lilikwisha achana na dizeli.

Na chini ya ardhi ndiko jambo lenyewe linapokuwa la uhai na kifo. Duara likijaa maji huingizwa pampu. Pampu ya petroli au dizeli ikiwashwa ndani ya shimo lisilopitisha hewa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na mchimbaji huhisi usingizi tu. Wenzake humfuata kumwokoa na wao wakalala. Pampu ya umeme haina moshi huo. Kwa migodi mikubwa, hoja hii hii ndiyo iliyowafanya Wakanada kufungua mgodi wa Borden mwaka 2019 ukitumia mitambo ya umeme chini ya ardhi, na ndiyo iliyowafanya Waaustralia kuijaribu Land Cruiser ya umeme ndani ya mgodi wa Olympic Dam mwaka 2018. Kupitisha hewa safi mgodini ni gharama kubwa, na gari lisilo na moshi huipunguza. Kwa hiyo ukiniuliza Land Cruiser ipi ya ukanda huu igeuzwe kwanza, nitakuambia ni ile inayoshuka Bulyanhulu kabla ya ile inayowapeleka wakubwa semina.

Kuna na ahadi ya nikeli. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, inatajwa kuwa malighafi ya betri, na mwaka 2021 serikali iliingia mkataba wa ubia ambao ndani yake inamiliki asilimia 16. Kiwanda cha kusafishia kilipangwa kuwekwa Kahama, pale Buzwagi, mgodi wa dhahabu uliofungwa mwaka huo huo. Napenda kuona shimo lililokwisha likipewa kazi nyingine. Ila msomaji ajue kwamba betri za bei nafuu zinazoenea sasa katika bajaji, mabasi na magari mengi ya Kichina ni za chuma na fosfeti; hazina nikeli hata chembe. Yeyote anayewaahidi vijana wa Kahama kwamba dunia haitakwenda bila nikeli yao awaambie na habari hiyo.

Nirudi kwa fundi, maana yeye ndiye mizani niliyoichagua. Nilizungumza na mmoja wa Katoro, kijana aliyejifunza umeme kwenye makarasha. Nilimweleza kwamba mota ya Leaf nayo ni ya umeme wa njia tatu, ndugu wa hizo anazozisuka nyaya kila wiki. Alicheka kwanza, akidhani namtania.

"Mwalimu, basi nusu ya gari hilo naijua."

"Nusu ya pili ni inveta na betri, mwanangu. Volti zake zinafika mia tatu na ushee, na umeme wake hauzimwi kwa kushusha swichi ya ukutani."

"Mia nne naishika kila siku. Niambie kama wanafundisha, au wamefunga."

Wamefunga, kwa sehemu kubwa. Katika magari mapya ya umeme betri hulindwa kwa programu. Ukibadilisha sehemu moja bila kibali cha kiwanda gari hukataa kuwaka. Gari lililogeuzwa ndilo pekee ambalo vyombo vyake vimepangwa na mtu mwenye bisibisi, na anayeweza kukuchorea mchoro wake. Hiyo ndiyo fadhila kuu ya ugeuzaji kwa nchi kama yetu, nami sijaiona ikitajwa katika tangazo lolote la watalii. Gari jipya lililofungwa likifa betri hapa Kanda ya Ziwa, mwenye nalo atalisukuma ukutani. Lililogeuzwa litaingia gereji.

Sharti langu ni kwamba kazi hiyo isibaki Arusha na Nairobi. Vyuo vya VETA vinafundisha umeme wa magari na umeme wa viwandani katika madarasa mawili tofauti, na gari hili linahitaji mtu aliyekaa katika yote mawili, pamoja na glavu za mpira na mwalimu wa kumwambia wapi asiguse. Karakana moja Geita mjini, Leaf moja iliyogongwa, na Hilux moja ya kubebea viroba vya mawe kati ya Nyarugusu na Katoro zingetosha kuanzia. Njia hiyo ni fupi, mzigo unajulikana, na gari hulala nyumbani kila usiku, hatua chache kutoka karasha lenye umeme wa njia tatu.