Uamuzi na Gharama Yake: Uhakiki wa «Scarlet Hollow»

«Scarlet Hollow» ni riwaya ya picha isomwayo kwenye kompyuta. Watunzi wake ni wawili, Abby Howard, aliyeichora kwa mkono, na Tony Howard-Arias, wa kampuni ya Black Tabby Games ya Toronto, Kanada. Ilianza kuuzwa mwaka 2021 kabla ya kukamilika: msomaji hununua sura zilizo tayari, na zilizosalia humfikia kadiri zinavyotungwa. Mpango ni sura saba, kila sura siku moja ya juma. Katika makala haya tunakusudia kujibu swali moja: je, uamuzi anaoachiwa msomaji ni wa kweli, ama ni pambo la fani tu?

Msuko ni mwepesi kueleza. Mhusika mkuu, ambaye ni msomaji mwenyewe, anawasili katika mji wa kubuni wa migodi ya makaa ya mawe, jimbo la North Carolina, Marekani, kwa mazishi ya jamaa aliyetengana naye kwa miaka mingi. Anapokewa na Tabitha, binti wa marehemu, kwa ubaridi.

Upekee wa kazi hii umo katika fani. Kabla ya hadithi kuanza, msomaji huchagua sifa mbili kati ya saba, miongoni mwazo nguvu za mwili, usomi, jicho kali na kipaji cha kusema na wanyama. Hivyo zipo jozi 21 za sifa, na kila sifa hufungua maneno ambayo msomaji mwingine hatayaona kamwe. Wala sifa si baraka tupu: aelewaye lugha ya wanyama hawezi tena kumhesabu mnyama kuwa kiumbe bubu.

Wasomi wa fasihi simulizi watakumbuka ngano za utata, ambazo William Bascom alizikusanya katika kitabu cha mwaka 1975. Huko fanani humaliza kwa swali, hadhira ikajadiliana, na hakuna aadhibiwaye kwa jibu lake. Hapa swali huja katikati ya hadithi, na mwenye kujibu hulipa. Michezo mingi ya aina hii hugawa njia mbili na kuzirudisha kwenye mto uleule. Katika «Scarlet Hollow» aliyepotea hubaki amepotea, na sura zifuatazo hubeba pengo lake. Uamuzi usioondoa kitu si uamuzi.

Hata hivyo, nguvu hiyo ndiyo chanzo cha udhaifu wake. Kila tawi huzidisha kazi ya watunzi, na sura huchelewa. Isitoshe, mwaka 2023 walitoa kazi nyingine, «Slay the Princess». Riwaya za magazeti nazo zilisomwa kwa vipande, lakini msomaji wake alihitaji kukumbuka matendo ya wahusika tu. Huyu wetu anapaswa kukumbuka matendo yake mwenyewe na sababu zake. Akingoja miaka, sababu hufifia, na adhabu humwangukia kama ajali, si kama tokeo.

Suala la lugha nalo si dogo. Kiingereza humwita marehemu kwa neno moja tu, liwe la upande wa baba au wa mama. Kiswahili hakiruhusu ukimya huo: ama ni shangazi, ama ni mama mkubwa au mama mdogo. Akiwa wa upande wa mama, Tabitha ni dada, na ubaridi wake unakuwa kosa dhidi ya undugu. Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuamua jambo hilo kabla msomaji hajaamua lolote.

Kwa kumalizia, twaiona kazi hii kuwa hoja nzito dhidi ya wanaodai kwamba mchezo hauwezi kuwa fasihi. Imethibitisha kwamba msomaji anaweza kuwajibishwa. Lakini deni lililofunguliwa katika sura za mwanzo hulipwa katika sura ya saba, na ni hiyo itakayoamua kama wajibu huo ulikuwa na maana.