Picha Isiyopigwa: Maoni juu ya Istilahi za Tomografia

Mgonjwa anayevuka kwa feri kutoka Likoni kwenda kupimwa kisiwani huambiwa kwamba anakwenda "kupigwa picha". Katika mazungumzo ya kila siku kauli hiyo haina kosa. Kosa huanza pale mwanaistilahi anapoifanya msingi wa kuielezea mashine ya tomografia.

Katika mashine hiyo hakuna picha inayopigwa. Tyubu ya eksirei humzunguka mgonjwa, na vipokezi vya upande wa pili hupima kiasi cha mionzi kilichopenya mwilini. Kinachopatikana ni tarakimu tupu. Johann Radon alikwisha kuonyesha mwaka 1917 kwamba umbo la ndani laweza kupatikana kutokana na jumla za mistari inayolipita. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo hilo alipofanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Godfrey Hounsfield akaunda mashine iliyompima mgonjwa wa kwanza jijini London tarehe 1 Oktoba 1971. Wawili hao walitunukiwa Nobeli mwaka 1979.

Njia iliyotawala kwa miaka mingi ni hii: kila kivuli hurudishwa kwenye njia kilikopitia, na pale vivuli vingi vinapokutana ndipo umbo hujitokeza. Umbo hilo huwa na ukungu, kwa hiyo tarakimu huchujwa kwanza. Mfasiri wa neno kwa neno ataiita kazi hii "ujenzi upya wa picha". Lakini "upya" hudai kwamba palikuwapo picha, ikabomoka. Haikuwapo. "Ukokotoaji wa taswira" unafaa zaidi, kwani wahakiki wa fasihi wamezoea kuiita taswira ile sura inayojengeka akilini kutokana na maneno. Hapa hujengeka kutokana na hesabu.

Tatizo la pili lilikuja na mashine za safu nne za vipokezi, zilizotokea mwaka 1998. Je, ziitwe za "vipande vingi"? Nchini Kenya kipande kingali na kumbukumbu ya kitambulisho cha enzi ya ukoloni. Slesi ni ya mkate. "Ubale", wingi "mbale", una wembamba unaotakiwa. Hata hivyo, maneno yote matatu hudokeza kisu. Kitanda husogea huku tyubu ikizunguka, hata njia ya mionzi ikawa kama hesi za parafujo. Safu zikizidi, miale hutawanyika kwa umbo la pia. Ikikokotolewa kana kwamba imelala sambamba, alama zisizokuwamo mwilini huonekana katika taswira. Ndiyo maana kanuni ya miale ya umbo la pia, waliyoitoa Feldkamp, Davis na Kress mwaka 1984, ina umuhimu wake. Kwa hiyo mashine na iitwe ya "safu nyingi", na "ubale" uwe jina la kile kilichokokotolewa. Kisu chake ni hesabu.

Mpinzani atasema kwamba mgonjwa wa Kisauni hahitaji yote haya. Lakini mgonjwa huyo huamriwa azuie pumzi. Akidhani kwamba picha hupigwa mara moja, kama ya pasipoti, atapumua mapema. Akielezwa kwamba vipimo mamia kwa mamia hukusanywa, na kwamba ni lazima vyote viuhusu mwili uliotulia, ataelewa kwa nini anaamriwa hivyo. Istilahi mbaya haimwumizi mwanaisimu. Yaweza kumrudisha mgonjwa chini ya mionzi mara ya pili.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyeishi na kufanya kazi Mombasa, aliunda "runinga" kutokana na rununu na maninga, yaani habari na macho. Neno hilo halikulifasiri la Kiingereza; liliuliza chombo chafanya nini. Swali hilo ndilo lililosahauliwa katika "ujenzi upya", na ndilo linalofaa kutangulia kila orodha ya istilahi za tiba.