Sikio, Uzi na Ulimi wa Chuma

Inanga ya wasemao Kinyarwanda wa Masisi na likembe iliyoenea mashariki mwa Kongo zote hulinganishwa sauti kwa sikio, lakini sikio halifanyi kazi ile ile katika ala hizo mbili. Inanga ni ubao uliochongwa mfano wa hori na kupitishiwa uzi mmoja huku na huko, na mtetemo wa msingi wa uzi huandamana na sauti ndogo ambazo ni takriban mara 2, mara 3 na mara 4 yake. Ndiyo maana sehemu mbili za uzi zenye uwiano wa 2 kwa 3 hukubaliana, kwa kuwa baadhi ya sauti zao ndogo huangukia mahali pamoja, ilhali zikikosana kidogo hutokea mkwaruzano, yaani mapigo ya haraka ambayo mwanafizikia Hermann von Helmholtz aliyafanya msingi wa nadharia yake ya mwafaka wa sauti mwaka 1863.

Likembe, ala ya ndimi za chuma zilizopangwa juu ya ubao, haimtii Helmholtz kwa wepesi huo. Ulimi wa chuma uliobanwa upande mmoja hutoa sauti ndogo ya kwanza ambayo, kinadharia, ni takriban mara 6.27 ya ile ya msingi, mbali mno isimwelekeze fundi kwenye uwiano wowote sahili. Naye, akiwa na kumbukumbu ya wimbo tu, husogeza ulimi nje au ndani. Kazi hiyo ni nyeti, kwani mtetemo hupungua kwa kipeo cha pili cha urefu: ulimi wa milimita 50 ukivutwa nusu milimita, sauti hushuka kwa takriban senti 34, senti ikiwa sehemu moja kati ya 1,200 za oktavi. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey, aliyerekodi Kongo mwaka 1952, alipima ala kwa uma 54 za sauti, kuanzia mitetemo 212 hadi 424 kwa sekunde, kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa 4. Hatua yake ya chini kabisa ni takriban senti 32, kwa hiyo hata mpimaji alilazimika kukadiria kwa sikio. Pete za waya zinazovishwa ndimi huongeza mvumo unaofunika mkwaruzano, na kuuita mvumo huo kasoro ni kuhukumu kwa sikio la piano.

Kuna pia muziki usiotegemea uzi wala ulimi wa chuma: huko Walikale, Shé-Kárisi Rureke alipomsimulia na kumwimba Mwindo, shujaa wa utenzi wa Wanyanga, mbele ya mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck mwaka 1956, alisindikizwa kwa kayamba ya kibuyu, njuga za miguuni na mti wa kugongwa, vitu visivyomfunga mwimbaji kwa sauti yoyote maalumu. Umbali kati ya sauti ulishikwa na koo lake na la waitikiaji, na anayetaka kupima mwafaka wa sauti wa Wanyanga hana budi kuanzia kwenye kiitikio.