Risasi 360 kwa gari moja: neno juu ya Warhammer 40,000

Najua wengine watauliza: vita hatujavishiba, mtu anaandika tena juu ya vita vya mezani? Sawa, ulizeni. Lakini huu mchezo wa Waingereza wa sanamu ndogo na dadu, uliotoka 1987, iko na hesabu nzuri sana. Iko pia na sheria moja inayonikasirisha.

Katika toleo la 10, la 2023, kila silaha ina nguvu, kila anayepigwa ana ugumu. Vikilingana, unajeruhi kwa 4 kwenda juu. Nguvu ikiwa nusu ya ugumu ao chini, unahitaji 6. Chukua askari wa kawaida wa Astra Militarum, bunduki yake nguvu 3, mbele ya gari la chuma la Rhino, ugumu 9. Risasi zake nusu zinafika. Katika hizo, moja kwa sita inajeruhi. Kisha chuma cha Rhino kinazuia mbili kwa tatu. Zidisha: 1/36. Rhino iko na majeraha 10, basi ni risasi 360! Geuza sasa: lascannon, silaha ya kuvunja magari, ukiipiga kwa umati inaua mtu mmoja tu, nguvu ingine yote inapotea.

Ndiyo maana wachezaji wengi wanasema mchezo unaisha siku ile unachagua jeshi. Mimi sikubali. Ushindi hauhesabiwi kwa maiti, unahesabiwa kwa kushika alama zilizowekwa uwanjani. Askari mmoja wa Cadia anahesabiwa 2 kwenye alama, na Rhino nzima 2. Askari kumi ni 20. Hawawezi kuitoboa, lakini mahali ni pao. Kwa hiyo mwenye jeshi lisilofaa asimalize raundi zake tano kufyatulia chuma. Ajifiche nyuma ya ukuta, akalie alama, mwenzake apoteze lascannon zake juu ya mtu mmoja mmoja. Sisi wa agronomia tunalijua jambo hili: muhogo unaovumilia mozaiki unaweza kuanguka kwa michirizi ya kahawia. Nguvu ni mbele ya nani?

Sasa kinachoniuma. Alama za juu kabisa ni 100: 50 za lengo kuu, 40 za malengo ya pembeni, na 10 za… jeshi kupakwa rangi. Rangi, jamani! Mwanafunzi aliyekata karton, akaandika jina la kila kikosi juu yake, akajua hesabu yote kwa kichwa, anaanza 10 nyuma ya mwenye pesa ya plastiki na brashi. Watetezi wanasema kupaka ni nusu ya raha. Inawezekana, na sanamu zenyewe ni nzuri kweli. Basi wampe mpakaji zawadi yake kando. Sheria ya alama za uwanjani inampa mwenye silaha hafifu njia ya kushinda, kisha hii ya rangi inamkata kwa sababu ya mfuko wake.

Mimi na wenzangu hizo 10 tumezifuta. Kwetu mchezo ni wa 90.