Utafiti Huria na Msomaji wa Naitiri

Azimio la Budapest la mwaka 2002 lilitaka matokeo ya utafiti wa kitaaluma yasomwe na kunakiliwa bure na kila mwenye intaneti. Shabaha hiyo ni njema, lakini yaelekea kuchukulia kwamba kikwazo kikubwa cha msomaji ni bei. Mfano wa Naitiri, katika Kaunti ya Bungoma, waonyesha vinginevyo.

Kitabu cha Günter Wagner, The Bantu of North Kavirondo, kilitolewa na Oxford University Press kwa juzuu mbili, mwaka 1949 na 1956. Chanzo chake ni utafiti wa miaka ya 1930 miongoni mwa Wabukusu na Walogoli, na humo mna maelezo ya kina juu ya tohara, ndoa na mazishi. Naitiri ilikuwa ardhi ya walowezi wakati huo. Wabukusu wengi walipewa mashamba huko baada ya uhuru. Kwa vizazi vilivyokulia mbali na makao ya mababu, maandishi ya namna hii yana thamani kubwa.

Lakini kitabu ni cha Kiingereza, na Wabukusu humo huitwa "Vugusu". Kiliporudiwa mwaka 1970, "North Kavirondo" katika jina la kitabu ilibadilishwa kuwa "Western Kenya"; "Vugusu" ikabaki. Basi hata kikitolewa bure, mwalimu atafutaye habari za "Wabukusu" aweza asikione, na mzee asiyejua Kiingereza hatakisoma kamwe. Mlango umefunguliwa, kizingiti kingali juu.

Huenda ikadaiwa kwamba Kiingereza humfikisha mtafiti kwa wenzake duniani. Ni kweli, ila hoja hiyo yatetea kuandika kwa Kiingereza, haitetei kutoandika kwa Kiswahili. Jarida la Swahili Forum, lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1994, husomwa bure na hupokea makala za Kiswahili. Lugha, basi, yaimudu kazi hiyo.

Kila tasnifu ihusuyo jamii haina budi kuwa na muhtasari wa Kiswahili, kuiita jamii kwa jina ijiitalo yenyewe, na kupelekwa ikiwa imepigwa chapa katika shule za mahali pale. Yaliyochukuliwa kinywani mwa wazee yarudi kwa lugha ambayo wajukuu wao wanaielewa. Pasipo hayo, utafiti utakuwa huria kwa wasomi, na mgeni kwa wenyewe.