Unalala Upande Gani?

Siku mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani, nesi anayeijua kazi yake mjini Busia huanza na swali: "Leo mtalala upande gani?" Wateso na Wasamia wako Kenya, wako Uganda, na ukoo mmoja huweza kuwa na boma pande zote mbili za mpaka. Mtoto hutibiwa huku, akapelekwa kwa nyanya yake ng'ambo, na dawa ikaangukia mikononi mwa mtu ambaye hakusikia neno hata moja la daktari. Ndiyo maana nesi humtaka huyo huyo atakayeshika kijiko, hata kama itabidi asubiriwe afike kwa boda boda, jina ambalo lenyewe lilizaliwa na baiskeli za mpaka huu.

Hatari ya malaria haibaki wodini. Utafiti uliofanywa Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba watoto waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu walifariki au kulazwa tena kwa idadi ndogo zaidi walipopewa dawa ya kukinga malaria wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kutoka hospitalini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kinga ya namna hiyo. Lakini dawa ya wiki ya 10 humezwa kijijini, mtoto akiwa anacheza, ugonjwa umeshasahaulika. Ukumbusho wake hupandwa siku ya kuruhusiwa.

Namna unavyopandwa ndiyo ninayoisifu. Nesi huketi. Huweka kiganja cha nyanya kando ya kile cha mtoto: "Cha mjukuu kikipauka kuliko chako, usingoje kukuche." Dawa mseto ya kumalizia matibabu ya malaria nyumbani kwa kawaida ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili ikifuata saa 8 baada ya ile ya kwanza. Nyanya hana saa. Basi nesi huuliza ng'ombe hukamuliwa lini, watoto wa shule hurudi lini, na dozi huzitundika hapo.

"Sasa nieleze, nyanya, kana kwamba mimi ndiye mama mtoto."

Nyanya akikosea, nesi husema, "Ni mimi sikueleza vizuri," akaanza upya. Heshima hiyo hainunuliwi dukani.

Nyanya naye huanza tena, kwa vidole: ya leo asubuhi, ya leo watoto wakitoka shule, ya kesho ng'ombe wakikamuliwa... Nesi hamkatizi. Vidole sita vikitimia, ndipo humtoa mtoto branula mkononi.